Kurudia KCSE kwa Ajili ya Udaktari: Uamuzi wa Januari hadi Machi

(Maneno ya mazungumzo na wazazi, walezi na watahiniwa wa kidato cha nne)



Kila Januari matokeo ya KCSE yanapotangazwa, kuna nyumba Nakuru ambazo hushangilia kwa nusu saa kisha zikanyamaza. Mtoto amepata B+. Majirani wanapiga simu kutoa pongezi, nyanya yake anaimba sebuleni, lakini mtoto mwenyewe amejifungia chumbani. Tangu akiwa darasa la sita amekuwa akisema atakuwa daktari, na anajua kwamba B+ hiyo huenda isimfikishe huko. Jioni anatoka na sentensi moja tu: "Baba, nataka kurudia."

Baba naye anajibu kwa haraka. Wengine husema, "Rudia, mamangu, nitatafuta karo." Wengine husema, "B+ unaitupa? Kuna watu wana D." Majibu yote mawili hutoka moyoni, na yote mawili hutolewa kabla mtu yeyote hajakaa chini na karatasi na kalamu.

Kwanza jambo ambalo huwachanganya wengi. Huko Marekani, anayetaka kusomea udaktari hufanya mtihani wa peke yake, MCAT, na anaruhusiwa kuufanya hadi mara tatu kwa mwaka mmoja na mara saba maishani. Uingereza kuna UCAT, ambao mtu huufanya mara moja kwa mwaka, miezi ya Julai hadi Septemba. Kijana wa huko huchagua siku anayojiona yuko tayari. Kenya haina mtihani kama huo. Mtihani wa kuingia udaktari ni KCSE yenyewe, ule ule unaofanywa na anayetaka ualimu, uhasibu au kilimo, na unakuja Novemba mtu awe tayari au asiwe tayari. Kwa hiyo kijana wa Nakuru hachagui siku. Anachoweza kuchagua ni mwaka, na kuchagua mwaka maana yake ni kurudia kidato cha nne.

Sasa ile karatasi na kalamu. Chukulieni mfano wa msichana wa Njoro aliyepata Kiswahili A, CRE A, Kiingereza A-, Jiografia A-, Biolojia B+, Kemia B na Hisabati C+. Kwa utaratibu wa kukokotoa gredi ulioanza na KCSE ya 2023, huhesabiwa Hisabati, lugha moja aliyofanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Jumla yake inakuwa pointi 72 kati ya 84. Hiyo ni B+ nzuri, na C+ inayotakiwa kwa chuo kikuu ameipita mbali.

Lakini udaktari hauangalii B+ peke yake. KUCCPS, shirika linalowapanga wanafunzi katika vyuo, huangalia pia masomo manne ya klasta. Kwa udaktari ni Biolojia, Kemia, Hisabati au Fizikia, na lugha. Msichana huyu hakuchukua Fizikia, kwa hiyo anabaki na Hisabati. Manne hayo yanampa 10, 9, 7 na 12, jumla 38 kati ya 48. Hesabu ya klasta huchanganya hizo 38 na zile 72, na alama ya mwisho ya wanaoitwa kusomea udaktari katika vyuo vikuu vya umma hupita 40. Wengi wanaoitwa wana A au A-.

Hapa ndipo panapofaa kutuliza macho. Katika masomo yote saba msichana huyu amepoteza pointi 12. Kati ya hizo, 10 zimepotea ndani ya masomo manne ya udaktari: tano katika Hisabati, tatu katika Kemia, mbili katika Biolojia. Kwa maneno mengine, yeye si mwanafunzi "aliyekosa kidogo" kila mahali. Amekosa Hisabati na Kemia. Swali ambalo baba anapaswa kumuuliza ni hili: ni nini kitakachobadilika katika Hisabati na Kemia kati ya leo na Novemba?

Jibu halipatikani kwa kumtazama mtoto usoni. Liko katika ripoti zake za shule tangu kidato cha kwanza. Kama Hisabati ilikuwa B+ hadi kidato cha tatu, kisha ikaanguka kwa sababu mwalimu alihamishwa na darasa likakaa muhula mzima bila mwalimu, au kwa sababu mtoto alilazwa hospitalini, au kwa sababu kulikuwa na msiba nyumbani, basi kuna sababu, na sababu hiyo yaweza kuwa imepita. Mwaka mmoja zaidi una kazi ya kufanya. Lakini kama Hisabati imekuwa C+ tangu kidato cha pili, muhula baada ya muhula, na walimu walikuwepo, na alisoma hadi usiku, kumrudisha katika darasa lile lile kwa mwalimu yule yule ni kununua C+ nyingine kwa bei ya mwaka mzima. Wapo waliorudia mara mbili wakashuka. Walimu wanawajua, ila hawapendi kuwataja mbele ya wazazi.

Tena anayerudia hapeleki Hisabati na Kemia peke yake. Ili apate gredi ya wastani lazima afanye masomo yasiyopungua saba upya, pamoja na yale manne aliyopata A na A-. Zile A hazimsubiri. Inabidi azipate tena.

Kuna na gharama. Kwa mwongozo wa Wizara ya Elimu, karo ya bweni katika shule za kitaifa zilizo mjini kama Nakuru imekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, kabla ya sare, nauli na matumizi. Ada ya mtihani ambayo Serikali imekuwa ikiwalipia watahiniwa wa shule, mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia mwenyewe. Mzazi aulize shuleni mapema mtoto ataandikishwa kwa njia gani kati ya hizo mbili. Familia inayotegemea basari ya kaunti au NG-CDF iulize pia kama fomu ya basari inapokea anayerudia, badala ya kudhani tu kwamba itapokea kwa kuwa mwaka jana ilipokea.

Sasa kalenda, maana hapa ndipo familia nyingi hujikwaa. Matokeo hutoka Januari. Mwenye shaka na gredi fulani ana takriban siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Baraza la Mitihani (KNEC) kupitia kwa mkuu wa shule. Wakati huo huo KNEC hufungua usajili wa KCSE ya mwaka huo na kuufunga miezi hiyo hiyo ya mwanzo wa mwaka. KUCCPS nayo hufungua maombi ya vyuo, lakini majibu ya nani kaitwa wapi huja baadaye sana, kuelekea katikati ya mwaka. Mpangilio huu una maana moja nzito: dirisha la kujiandikisha kurudia hufungwa kabla ya mtoto kujua kama ameitwa na ameitwa wapi. Anayesema "tusubiri barua kwanza, tukikosa tutarudia" atakuta usajili umekwisha, na mwaka umepotea bila chuo na bila mtihani.

Kwa hiyo uamuzi wa kurudia ni wa Januari hadi Machi, na hufanywa gizani kidogo. Hakuna sababu ya anayejiandikisha kurudia kuacha kuomba nafasi ya chuo kwa gredi alizonazo. Aombe. Ajaze nafasi zote anazopewa, si udaktari tu. Wengi hujaza udaktari kila mstari kisha wakashangaa. Na nafasi ikija, kabla ya kuiacha kwa ajili ya kurudia, aiulize KUCCPS kwa maandishi jinsi hatua hiyo itakavyoathiri maombi yake ya mwaka unaofuata. Jibu la maandishi, si la rafiki wa WhatsApp.

Na nafasi hizo nyingine zisichukuliwe kama zawadi ya faraja. Diploma ya tiba ya kliniki katika KMTC huchukua miaka mitatu na mwaka mmoja wa mafunzo kazini, na huanzia gredi ya wastani ya C. Ya uuguzi vilevile huanzia C. KMTC, chuo kilichoanzishwa 1927, kina kampasi hapa Nakuru, na siku hizi maombi yake hupitia KUCCPS. Mwenye B+ anaweza pia kufikiria shahada ya tiba ya kliniki au ya uuguzi, ambazo zinafundishwa humu humu katika kaunti. Chuo Kikuu cha Egerton kina kitivo cha sayansi za afya, na Kabarak ina masomo ya udaktari pia, ingawa udaktari katika chuo cha kibinafsi ni mamia ya maelfu ya shilingi kwa mwaka.

Anayefika na mtoto mgonjwa Olenguruone, Subukia au Gilgil usiku, mara nyingi wa kwanza kumwona ni afisa wa kliniki au muuguzi. Yeye ndiye anayepima joto, anayeamua kama ni malaria au nimonia, anayeita ambulensi ya kwenda Naivasha au Nakuru. Baadaye akitaka, anaweza kusomea utaalamu wa juu wa watoto, macho au nusukaputi, na vipo vyuo vikuu vinavyofikiria maombi ya wenye diploma kwa udaktari. Njia hiyo ni ndefu, na asidanganywe mtu kwamba ni rahisi. Lakini anayeipitia analipwa mshahara njiani.

Udaktari wenyewe nao uhesabiwe kwa ukweli. Ni miaka sita ya chuo na mwaka mmoja wa mafunzo hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu na Baraza la Madaktari (KMPDC). Msichana wa Njoro akiwa na miaka 18 leo, akirudia na kuitwa, atamaliza akiwa na 26 au zaidi. Na kazi haimngoji mlangoni: mgomo wa madaktari wa siku 56 mwaka 2024 ulihusu, pamoja na mengine, malipo na kupangiwa vituo kwa madaktari wanagenzi. Mtoto anayeambiwa haya na bado anaitaka kazi hiyo, huyo ana sababu ya kusikilizwa. Anayeitaka kwa sababu binamu yake wa Eldoret anaisomea, aulizwe tena baada ya wiki.

Liko jambo la mwisho linalobana zaidi. Wanafunzi walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 ndio wa mwisho wa mfumo wa 8-4-4, na wanatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Nyuma yao hakuna kidato cha nne kingine cha kujiunga nacho. Wanaowafuata wako katika sekondari ya juu ya mfumo mpya, na Gredi ya 10 ya kwanza ilianza Januari 2026. Zamani mtu aliweza kusema, "Nitafanya kazi mwaka mmoja nipate karo, kisha nirudie." Kauli hiyo inaelekea ukingoni. Anayefikiria kurudia akiwa ndani ya darasa, na mwalimu na maabara, ahesabu miaka iliyobaki kwa vidole.

Kwa wazazi wa Gredi ya 9 na 10 uamuzi umesogezwa mbele. Mtoto anachagua mkondo kabla ya kuingia Gredi ya 10, na anayetazamia udaktari anahitaji ule wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Swali la Hisabati na Kemia ambalo baba wa Njoro anauliza Januari baada ya matokeo, mzazi wa sekondari msingi anaweza kuliuliza leo, kwa kumtembelea mwalimu wa sayansi na kuitazama maabara ya shule kwa macho yake.

Turudi Njoro. Baba na binti walikaa mezani na ripoti kumi na mbili za mihula. Hisabati ilikuwa B hadi kidato cha tatu muhula wa pili, kisha ikawa C+ na haikupanda tena. "Muhula huo kulitokea nini?" akauliza baba. Binti akanyamaza, kisha akasema, "Baba, ndio muhula Mama alikuwa akilazwa kila mara. Nilikuwa nikija nyumbani kila Ijumaa." Baba hakuwa amelifikiria hilo. Jumatatu walienda pamoja kwa mkuu wa shule ya kutwa iliyo karibu, wakauliza kwanza nani anafundisha Hisabati ya kidato cha nne na kama maabara ina kemikali, ndipo wakaomba fomu ya usajili. Jioni hiyo hiyo binti alijaza maombi ya KUCCPS: tiba ya kliniki mstari wa kwanza, uuguzi wa pili.