Motakaa Kuukuu na Mtihani Wake wa Kila Mwaka

Huko Uingereza, tangu mwaka 1960, motakaa kuukuu sharti zikaguliwe kila mwaka. Kwanza zilikuwa zile zilizotimiza miaka 10. Tangu 1967 ni miaka 3.

Je, iliyozeeka hushinda mtihani huo? Hushinda, ikiwa mwenyewe huitunza. Mara nyingi zishindwazo zina kosa dogo: taa imekufa, au mpira wa gurudumu umelika, mifereji yake haifiki kina cha milimita 1.6. Lakini kutu iliyokula chuma cha chini hufichwa na rangi mpya. Basi anunuaye asidanganywe na mng'ao. Asome habari za mitihani iliyopita.

Tena akumbuke, hati hushuhudia hali ya siku ile tu. Kesho breki zikilegea, roho za watu zi mikononi mwake.