Kupima Mwendo Baada ya Kiharusi

Leo nazungumza nawe unayemuuguza mzee aliyepata kiharusi. Siku hizi watoto walio mjini humletea mzazi saa ya kuhesabu hatua. Jioni saa inaonyesha hatua 200, na mzee ameshinda akizunguka boma. Kisha anagombezwa eti ni mvivu!

Saa hiyo hufuata mtikisiko wa mkono. Mkono wa mgonjwa huyu mara nyingi umekunjamana kifuani, ule mwingine umeshika mkongojo, na anatembea polepole. Hatua nyingi hazihesabiwi. Kifaa kikifungwa kwenye kifundo cha mguu ulio mzima, huhesabu vizuri zaidi. Tena siku moja haitoshi. Siku ya kliniki si sawa na siku ya mvua. Akivae siku kadhaa, mguu uleule.

Kama huna kifaa, usiuze mbuzi. Pima mita 10 uani, uweke alama. Aanze hatua chache nyuma ya alama ya kwanza, apite ile ya pili bila kusimama, kwa mwendo wake wa kawaida na mkongojo wake. Mtu akae karibu naye, upande uliopooza, asije akaanguka. Hesabu sekunde kwa simu. Zikizidi 25, mara nyingi huyo ni wa kutembea nyumbani tu. Akitumia 12 au chini, huenda sokoni akafika. Rudia mara mbili, andika daftarini, uje nalo kliniki. Lakini akilegea ghafla au mdomo ukienda upande, usingoje kliniki: mkimbize hospitali.