Kutega na Kuopoa: Dema la Pemba na Wajibu wa Kamusi



1. Utangulizi

Madungu ni shehia ya mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba. Kamusi hulieleza neno dungu, wingi madungu, kuwa ni ulingo wa shambani ambapo mlinzi hukaa kuwafukuza ndege na wanyama waharibifu. Magharibi ya mji, hori ya Chake Chake hufunguka kuelekea kisiwa cha Misali. Huko riziki hutafutwa kwa mtego usio na mlinzi, yaani dema, ambalo katika pwani ya Kenya huitwa pia lema. Mhadhara huu unatetea hoja moja: kamusi inayotaja chombo bila ya kueleza kazi yake huyaacha maarifa ya wenye chombo yapotee.

2. Dema na kazi yake

Dema husukwa kwa fito nyembamba za mianzi, kwa matundu ya pembe sita. Mlango wake ni mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Samaki huingia kwa urahisi, lakini haoni njia ya kurudi. Ndani hutiwa chambo: mwani kwa samaki wala majani kama tasi, nyama ya viumbe wa pwani kwa wengine kama changu. Kisha dema hutiwa mawe na kushushwa kando ya mwamba.

Kazi hiyo yataka elimu. Wakati wa bamvua mkondo huwa na nguvu, na dema lisilo na uzito wa kutosha huhama. Wakati wa maji mafu mkondo hupungua. Mvuvi asiyeweka chelezo hulinganisha alama za nchi kavu, mnazi na kilima, ili apajue alipotega.

Kambakoche naye huweza kuingia mtegoni, ila hana tabia moja na kamba wa Marekani ya kaskazini, mwenye magando makubwa, ambaye huvuliwa zaidi kwa mitego yenye chambo. Kambakoche hana magando hayo. Mchana hujificha katika mapango ya mwamba, na aghalabu hufuatwa na wazamiaji. Katika pwani ya kaskazini ya Kenya, wako wavuvi wanaomtumia pweza hai ili kumtoa pangoni, kwani kambakoche humwogopa. Chambo huita, pweza hufukuza. Mvuvi hupambanua mambo hayo mawili, na kamusi haina budi kuyapambanua.

3. Kitenzi na maana

Kutokana na tega, Kiswahili kimepata mtego na mtegaji. Msikilizaji hutega sikio. Katika vitendawili, hadhira huitikia “Tega!”, na anayejua jibu hutegua. Hata uchumi wa kisasa umeazima kitenzi hicho ukapata kitega uchumi. Uhusiano wa tega na tegua ni wa kauli ya kutendua, inayoonyeshwa na kiambishi -u-. Opoa, yaani kutoa kitu majini, lina umbo la kauli hiyo hiyo, ambapo -o- imeshika nafasi ya -u- kwa upatanifu wa irabu. Hivyo kazi ya mvuvi, kutega alfajiri na kuopoa siku ya pili, imo katika sarufi yenyewe.

4. Lugha na hifadhi ya bahari

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 kamati ya kusanifisha ikaanza kazi. Faida yake ni kubwa. Lakini maneno mengi ya Kipemba, hasa ya ufundi, yalibaki ufukweni.

Hasara hiyo si ya wanaisimu peke yao. Misali ilitangazwa kuwa eneo la hifadhi mwaka 1998. Masimulizi ya Pemba yanalihusisha jina lake na msala wa Nabii Khidhri: alipokosa msala, kisiwa kilikuwa mithili ya msala wake. Mafunzo ya hifadhi ya Misali yaliegemezwa pia kwenye mafundisho ya Kiislamu, kwa lugha ambayo mvuvi aliizoea. Hilo ni funzo kwa watunga kanuni. Dema la matundu madogo hunasa samaki wachanga. Dema la mianzi likipotea huoza, ilhali la waya hudumu zaidi na huendelea kuua bila ya kumfaa mtu. Mambo hayo hayana budi kuelezwa kwa maneno ya msukaji mwenyewe.

5. Hitimisho

Wahenga walisema, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Mkusanyaji wa msamiati na apande chomboni, aulize jina la kila ufito na kila tendo, wakati wasukaji wangalipo. Waya ukishika nafasi ya mianzi, maneno ya kusuka hayatakuwa na wa kuyatamka. Na mwanafunzi wa Madungu atakijua kitega uchumi asijue kilichotegwa kwanza.