Taa Inayolisha Redio

Somo letu la leo ni la joto na umeme. Fuateni maneno kwa kidole huku mkisikiliza. Mkikuta neno gumu, litieni mstari. Tutalirudia mwisho wa somo.

Nyumba nyingi zisizo na umeme zina redio, na redio hiyo hula betri. Betri zikiisha na fedha hakuna, redio hunyamaza. Bei ya mazao haisikiki, wala somo hili halisikiki. Lakini katika nyumba hiyo hiyo moto unawaka jikoni kila siku, na joto lake jingi linapotea bure hewani. Je, joto hilo haliwezi kulisha redio? Linaweza, lakini kwa kiasi. Nataka mkijue kiasi hicho, msije mkadanganywa na wauzaji.

Mwaka 1821 mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Thomas Seebeck alichukua vipande viwili vya metali za aina mbili. Akaviunganisha ncha kwa ncha, hata vikafanya kitu kama pete. Ungo mmoja akautia joto, na ungo wa pili akauacha baridi. Karibu yake aliweka dira, yenye sindano ya sumaku kama ile ya mabaharia. Sindano ikageuka! Seebeck alidhani kwamba joto limeleta sumaku. Wataalamu wengine wakatambua kuwa ndani ya pete ile ulipita mkondo wa umeme, na mkondo huo ndio ulioigeuza sindano.

Basi shikeni kanuni hii: umeme huu hautokani na joto peke yake. Hutokana na tofauti baina ya upande wa moto na upande wa baridi. Pande zote mbili zikiwa na joto sawa, hapana umeme, hata moto uwe mkali namna gani.

Sasa twende jikoni. Ukiacha kijiko cha chuma ndani ya uji unaochemka, baada ya muda kidogo mpini wake utakuunguza. Ukikoroga kwa mwiko wa mti, mkono hausikii kitu. Chuma hupitisha joto, mti hulizuia. Kadhalika chuma hupitisha umeme, na mti huuzuia. Hapo ndipo penye taabu. Tukitumia metali kama shaba, umeme hupita vizuri, lakini joto nalo hukimbilia upande wa baridi. Pande mbili zinakaribia kulingana, na umeme unafifia. Tukitumia mti, joto linazuilika, lakini umeme nao haupiti. Tunachotaka ni kitu kilicho kama waya kwa umeme, na kama mwiko kwa joto.

Kitu cha namna hiyo kilitafutwa kwa miaka mingi. Mwaka 1954 wataalamu wa Uingereza walionyesha ubora wa mchanganyiko wa bismathi na teluriamu. Mchanganyiko huo hupitisha umeme vizuri, lakini shaba huushinda kwa kupitisha joto zaidi ya mara 200. Sababu yake ni nini? Ndani ya kitu kigumu, joto husafiri kwa chembe kutikisana, kama watu waliosimama mstari wakisukumana bega kwa bega. Chembe za bismathi na teluriamu ni nzito, na baadhi zimeshikana kwa ulegevu, kwa hiyo msukumo hauendi mbali. Tena wataalamu hutia humo chembe za kitu kingine ili kuuvuruga mstari. Ni kama chekeche: unga, yaani umeme, unapita, chenga, yaani mtikisiko wa joto, zinazuiliwa. Mwaka 2014, huko Marekani, wataalamu walitangaza kuwa fuwele ya bati na seleniamu hulizuia joto vizuri zaidi.

Je, kazi hii imepata kumfaa mtu wa kawaida? Ndiyo. Katika miaka ya 1950, huko Urusi ya Kisovieti, zilitengenezwa taa za mafuta zenye vipande vya namna hii kuizunguka chemni. Upande wa ndani ulipata moto, na upande wa nje ulipozwa na hewa ya chumbani. Taa moja iliangaza nyumba na papo hapo ikalisha redio. Tena vyombo viwili vya Marekani viitwavyo Voyager, vilivyorushwa angani mwaka 1977, vilipata umeme wao kwa joto la plutoniamu. Zaidi ya miaka 40 baadaye vilikuwa bado vikileta habari duniani. Mtambo wake hauna gurudumu wala mkanda wa kuchakaa.

Lakini pimeni kabla ya kununua. Kwa kawaida, katika kila sehemu 100 za joto, mtambo kama huu hutoa umeme wa sehemu 5 hadi 8 tu, na pengine pungufu. Jiko la kuni laweza kuzungusha feni ndogo au kujaza simu, lakini haliwezi kupiga pasi. Mtu akikuahidi kuwa jiko lako litawasha nyumba nzima, mwulize: upande wa baridi utapozwa na nini? Penye jua, kioo cha kuvuta umeme wa jua mara nyingi hutoa zaidi kwa fedha ile ile.

MANENO MAGUMU
Dira: chombo cha kuonyesha upande wa kaskazini.
Ungo: mahali vitu viwili vinapoungana.
Mkondo: mwendo wa maji au umeme.
Chemni: kioo cha taa ya mafuta.

MASWALI
1. Kwa nini moto peke yake hautoshi kuleta umeme huu?
2. Shaba ina ubora gani, na ina kasoro gani?
3. Tia kijiko cha chuma na mwiko katika maji ya moto kwa dakika 5. Gusa mipini yake kwa hadhari. Andika sentensi mbili juu ya ulichokisikia mkononi.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.