Nambari ya shefu ni ya wote, nambari ya mama ni yake

Maneno yaliyosemwa na harakati yetu mbele ya vijana na familia zilizokimbia Pinga



Kuna swali moja ambalo linatufikia karibu kila juma, kwa simu na kwa ujumbe. Linakuja hivi: "Tulikuwa jirani Pinga. Vita ilikuja, kila mutu akakimbia na njia yake. Namna gani naweza kupata nambari yake? Kwenye biro ya serikali si kuko madaftari? Mutusaidie tuyafungue." Mumoja anatafuta mutoto. Mwengine anatafuta shahidi mwenye aliona siku baba yake ananunua shamba. Mwengine anatafuta mudeni. Na mara moja moja, mwenye kuuliza hataki kusema anamutafutia nini.

Leo tunajibu wote pamoja, juu jibu linahusu uhai wa watu.

Kwanza tuelewane: Kongo haina daftari moja la raia wote. Hesabu ya watu ya mwisho ilifanyika mwaka 1984. Wengi wetu tulio hapa hatukuwa tumezaliwa. Ile tunaita kitambulisho leo ni kadi ya mupiga kura, ambayo CENI inatoa wakati wa uchaguzi. Inabeba jina lako, majina ya wazazi, siku na mahali pa kuzaliwa, asili yako na adrese yako. Lakini adrese ile ni ya siku ulipigwa picha. Ukikimbia kesho yake, kadi haikimbii na adrese mupya. Tena mwaka 2023, juu ya vita, sehemu kubwa ya Masisi na Rutshuru haikuandikishwa, na uchaguzi wa Disemba 2023 haukufika kule. Kwa hiyo tuko na vijana wakubwa, wengine wako na watoto, na serikali haijawahi kuandika jina lao popote.

Pinga nayo iko na jambo lake la pekee. Iko kwenye mupaka wa teritwari mbili. Walikale ina sekta mbili, Bakano na Wanianga. Masisi ina sheferi mbili, Bashali na Bahunde, na sekta mbili, Osso-Banyungu na Katoyi. Majirani wawili wanaweza kuwa wanauza soko moja na kusali kanisa moja, lakini karatasi za mumoja ziko upande wa Walikale na za mwengine upande wa Masisi. Shefu wa upande mumoja akikwambia "huyu simujui", usirudi nyumbani kulia. Uliza upande wa pili.

Sasa madaftari yenyewe. Chini kabisa kuko shefu wa lokalite. Yeye anajua nyumba kwa nyumba: nani alizaa, nani alikufa, nani alikuja kupanga. Juu yake kuko shefu wa grupema, kisha sekta ao sheferi. Etasivili njo inaandika kuzaliwa, ndoa na kifo. Sheria inasema mutoto aandikishwe ndani ya siku 90, tena bure. Zikipita siku 90, mambo yanaenda mahakamani, na pale watu wanaanza kutafuta mashahidi waliotawanyika. Mama mumoja anaweza kukosa karatasi ya mutoto wake si juu mutoto hajulikani, lakini juu wale wanaomujua hawapatikani.

Na tuseme ukweli ambao kila mukimbizi anaujua: shefu naye amekimbia. Biro inafungwa, daftari linabaki kwenye kabati, ao linanyeshewa, ao linachomwa. Mara nyingi daftari ambalo limebaki ni kichwa cha muzee mwenyewe. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kumupata mutu wa Pinga ni kujua shefu wake wa lokalite yuko wapi leo. Watu wa lokalite moja wanapokimbia, wanaulizana njia, na muzee wao anapata habari zao mbele ya serikali.

Kuko pia liste za kambi. Kambi za kando ya Goma zilikuwa na mashefu wa bloki, na mashirika yaliandika familia kwa ajili ya misaada. Mwezi wa pili 2025, nyuma ya Goma kuchukuliwa na M23, kambi zile zilitolewa watu, na familia zilizokuwa zimeanza kupatana zikatawanyika tena. Liste zile ziko kwa mashirika. Si za kutundikwa ukutani, na si za kupigwa picha na kutumwa kwenye grupe za WhatsApp.

Mumeona? Kwa yote tumetaja, hakuna daftari lenye kazi yake ni kukupatia nambari ya simu ya mutu. Nambari ziko kwa makampuni ya simu, na pale ziko siri. Kijana mwenye kukuambia "nipe franga kidogo nikutolee nambari na mahali analala" anauza kitu ambacho si chake. Katiba ya 2006, kifungu cha 31, inalinda maisha ya binafsi ya kila mutu na siri ya mawasiliano yake. Kodi ya numeriki ya tarehe 13 Machi 2023 nayo inalinda habari za watu zinazowekwa kwenye mashine.

Mutu atatuambia: "Nyinyi vijana munaongea sheria, mimi natafuta ndugu yangu." Tunakusikia. Lakini musikilize pia wale ambao wako mafichoni.

Mwaka 2012 na 2013 makundi ya silaha yaligombania Pinga, na muji ulibaki mutupu. Sheka, mwenye alianzisha kundi la NDC, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi Goma, Novemba 2020. Hukumu ile haikuanguka kutoka mbinguni. Kuna wanawake, wanaume na vijana ambao walisimama wakasema walichofanyiwa. Sasa mujiulize: adrese ya watu wale, nani alipashwa kuwa nayo? Kama biro moja ingetoa liste ya "wakimbizi wa fulani" kwa kila mwenye kuomba kwa sauti nzuri, nani angekubali tena kutoa ushahidi?

Na hapa jirani, ng'ambo ya mupaka, tunajua nini karatasi inaweza kufanya. Kule Rwanda, kitambulisho kilikuwa kinaandika kabila la mutu toka wakati wa Wabelgiji. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabara, musitari mumoja kwenye karatasi ulikuwa unatosha mutu auawe. Daftari halina moyo. Linamusaidia yeyote mwenye kulishika. Kwetu, mwenye kushika biro asubuhi anaweza kuwa mwengine jioni.

Kwa hiyo sisi tunafuata kanuni moja, na tunaomba kila mumoja wenu aifuate: ujumbe wako uende kwa mutu, nambari yake isije kwako bila yeye kukubali. Ukimupata kwa njia hii, ni yeye anachagua kukupigia. Kama ni ndugu yako, atapiga. Kama ni mama aliyekimbia bwana mwenye kumupiga, atanyamaza, na kunyamaza kwake ni haki yake.

Kwa kazi, inakuwa hivi.

Andika kwanza kwenye karatasi kile unajua: majina yote ya mutu, majina ya wazazi wake, lokalite, wapi na lini mulionana mara ya mwisho, na juu ya nini unamutafuta. Kwetu watu wengi wanafanana majina. Jina la mama njo linawatenganisha.

Nenda kwa shefu wa lokalite, ao mutume mutu. Usimuombe nambari. Mwachie nambari yako na sababu yako, umuombe afikishe. Fanya vile vile kwa kanisa, kwa musikiti, kwa komite ya wakimbizi.

Kama vita njo ilitenganisha familia, nenda kwa Musalaba Mwekundu. Hiyo ni kazi yao ya siku zote, na hailipishwi. Wanapokea ombi, wanabeba barua fupi ya habari za familia, na wakimupata mutu mukubwa wanamuuliza kwanza kama anakubali ujue aliko. Ukiona mutoto yuko peke yake, usiweke picha yake kwenye Facebook na kuandika "mwenye kumujua aje." Yeyote anaweza kuja. Mupeleke kwa wenye kazi ya kulinda watoto.

Ukitangaza kwenye redio, taja jina la mutu na mahali wewe unapatikana. Usitaje mahali unafikiri yeye analala.

Na kama ni deni, ama shamba, ama kesi, mahakama iko na njia yake ya kuita watu. Wacha karatasi ya mahakama imufuate, si vijana wa kartie.

Sasa tugeuze meza, juu kuna jambo linatukera. Kwa inchi hii mambo yamepinduka. Nambari za raia zinatembea ovyo: kwenye kaye ya mulango wa kila biro, kwenye liste za misaada, kwenye grupe za WhatsApp. Lakini jaribu kutafuta nambari ya biro yenye inalipwa kukuhudumia. Unaenda unakuta mulango umefungwa. Unauliza karani anaitwa nani, wanakuangalia kama mupelelezi. Unauliza karatasi inalipishwa ngapi, kila mutu anakupa bei yake.

Sisi tunasema kinyume. Mama wa Pinga nambari yake ni yake. Shefu, karani wa etasivili, msimamizi wa teritwari, hawa wako kwenye kazi ya wote. Jina lao la kazi, nambari ya biro, saa za kufungua na bei ya kila karatasi ni vya wote. Kifungu cha 24 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Kifungu cha 27 kinasema raia, mumoja ama wengi pamoja, anaweza kuandikia mamlaka ombi lake, na mamlaka inajibu ndani ya miezi mitatu.

Njo tutafanya hivyo. Barua tunayoandika inaomba mambo manne, na tunaomba mutie sahihi kwa mwenye kutaka, bila kulazimishwa, na bila kuandika mahali munalala.

Kwanza, kila biro ya lokalite, grupema, sekta na sheferi ibandike mulangoni jina la kazi, nambari ya biro, saa na bei.

Pili, kuandikisha mutoto ndani ya siku 90 kubaki bure, kama sheria inavyosema, hata kwa mutoto aliyezaliwa ukimbizini.

Tatu, daftari la etasivili linakiliwe, nakala iwekwe mahali pa usalama mbali na vita, ili biro ikiungua jina la mutu lisiungue nayo.

Ine, hakuna liste ya watu itoke kwenye biro bila kuandikwa nani aliiomba, siku gani na juu ya nini. Na kila biro iwe na kaye ya ujumbe, ambapo mutu anaacha neno kwa ndugu yake na shefu analifikisha.

Ile kaye ya ujumbe haiombi mashine wala umeme. Inaomba kalamu na shefu muaminifu. Pale hawapo, vijana wa Pinga mulio mijini munaweza kuanza leo: muwapigie wazee wenu munaowajua, muulize nani ameacha neno kwa nani, mulifikishe kwa mwenyewe, kisha mufunge mudomo.

Na usiku huu, mbele ya kulala, mufungue simu zenu. Kama muko na picha ya liste ya wakimbizi, ya kambi ao ya parokia, muifute. Majina yale ni ya watu wanaotafutwa na ndugu zao, na wengine wanatafutwa na watu wabaya. Simu yako haijui tofauti.

Mungu awalinde wale ambao hawajapatikana.