Sanamu na Maneno Yaliyochongwa Chini Yake: Funzo la Pushkin kwa Wahariri wa Kiswahili



 Huenda baadhi yenu mkashangaa kwamba mhadhara wa taaluma za Kiswahili unaanzia Moscow. Naomba mnivumilie. Kisa nitakachokisimulia ni cha sanamu, lakini hoja yangu ni ya matini: ni nani mwenye haki ya kuyagusa maneno ya mtunzi baada ya mtunzi kuzikwa?

Aleksandr Pushkin alizaliwa Moscow mwaka 1799. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, alikuwa Mwafrika aliyefikishwa Urusi akiwa mtoto, zama za Kaizari Peter wa Kwanza. Wataalamu wangali wanabishana iwapo kwao kulikuwa pande za Eritrea na Ethiopia, au Logone, kusini mwa Ziwa Chad. Pushkin hakuificha asili hiyo, aliiandika.

Mwaka 1836 alitunga shairi ambamo alidai kwamba amejijengea ukumbusho usioundwa kwa mikono. Katika ubeti mmoja alieleza kwa nini watu wake watampenda: kwa kuwa aliamsha hisia njema, kwa kuwa aliutukuza uhuru katika zama katili, na kwa kuwa aliwaombea huruma walioanguka. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1837, aliuawa katika pambano la bastola. Shairi likabaki katika karatasi zake.

Karatasi hizo zilipitia mikononi mwa rafiki yake, mshairi Vasily Zhukovsky. Zhukovsky hakuwa adui. Alimpenda marehemu, na alitaka kazi zake zisomwe. Lakini alijua kwamba udhibiti wa maandishi chini ya Kaizari Nikolai wa Kwanza usingeyapitisha maneno yale. Basi akayarekebisha. Shairi lilipochapishwa mwaka 1841, uhuru na zama katili havikuwamo. Badala yake, mshairi alisema kwamba alikuwa na manufaa kwa uzuri wa mashairi yake. Mahali pengine, nguzo iliyosimamishwa St. Petersburg kwa heshima ya Kaizari Alexander ikageuzwa kuwa nguzo ya Napoleon, ili mshairi asionekane kujikweza juu ya mtawala wake.

Tazameni jinsi kazi hiyo ilivyofanywa kwa ustadi. Vina havikukatika wala mizani haikupungua. Msomaji asiyejua asingeona mshono.

Wazo la kumjengea Pushkin sanamu Moscow lilipewa nguvu na watu waliosoma katika shule aliyosoma yeye. Fedha zilitokana na changizo la umma, zikapita rubeli 100,000. Mchongaji aliyechaguliwa baada ya mashindano alikuwa Alexander Opekushin, aliyezaliwa katika familia ya watwana. Sanamu ya shaba nyeusi ilizinduliwa tarehe 6 Juni 1880, kwa kalenda ya zamani ya Kirusi. Katika siku zilizofuata walihutubu Turgenev na Dostoevsky, na hotuba ya Dostoevsky inasomwa mpaka leo. Urusi yote iliyosoma ilikuwa ikimsikiliza mwandishi akimsifu mwandishi.

Na chini ya sanamu hiyo, katika jiwe, zilichongwa beti za shairi lile. Lakini zilizochongwa ni zile za Zhukovsky.

Mwaka uliofuata, 1881, Pyotr Bartenev alichapisha maneno halisi ya Pushkin kutoka katika mswada. Ukweli ukajulikana, lakini jiwe halikuguswa. Kwa zaidi ya nusu karne wasomi walijua hivi, na wapita njia wakasoma vile.

Maneno ya mtunzi yalirejeshwa mwaka 1937, katika maadhimisho ya miaka 100 tangu kifo chake. Hapo tusiharakishe kushangilia. Mwaka huohuo ndio uliokuwa kilele cha ukamataji na mauaji chini ya Stalin. Mwandishi Boris Pilnyak alikamatwa Oktoba 1937, akauawa mwaka 1938. Neno uhuru lilirudi katika jiwe wakati lilipokuwa hatari kinywani. Matini inaweza kuwa sahihi, na mazingira yake yakawa ya uongo.

Hata hivyo maneno yaliyorejeshwa yalikaa hapo yakingoja. Mwaka 1950 sanamu ilihamishiwa ng'ambo ya pili ya barabara. Tarehe 5 Desemba 1965 kikundi cha watu kilikusanyika mbele yake kudai kwamba waandishi Sinyavsky na Daniel, waliokamatwa kwa kuchapisha kazi zao nje ya nchi, wahukumiwe katika mahakama ya wazi. Walitawanywa upesi, na mwaka 1966 waandishi hao walihukumiwa kifungo cha miaka saba na mitano. Lakini mahali pa kukusanyika hapakuchaguliwa ovyo.

Sanamu za mtunzi huyohuyo zimekuwa na maana nyingine kwingineko. Nchini Ukraine, baada ya uvamizi wa Februari 2022, miji kadhaa, ikiwamo Ternopil na Kharkiv, iliziondoa, kwa kuwa wenyeji waliona ndani yake alama ya dola iliyowatawala. Anayesimamisha sanamu huongeza maneno yake juu ya yale ya mtunzi, hata asipochonga herufi moja.

Sasa nirudi nyumbani. Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi zama zilezile za Pushkin. Alifariki yapata mwaka 1840. Tungo zake zilihifadhiwa vifuani mwa watu, zikakusanywa na W. E. Taylor kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, zikahaririwa na William Hichens aliyezichapa mwaka 1940, na zikachunguzwa upya na Mohamed H. Abdulaziz katika kitabu chake cha 1979. Sisemi kwamba yeyote kati yao alighushi. Nasema kwamba kila mkono una nia yake, na kila badiliko la hati, kutoka Kiarabu kwenda Kilatini, ni uamuzi. Zhukovsky anatufundisha kwamba rafiki mwema anaweza kubadili zaidi kuliko mdhibiti, kwa kuwa hatumshuku.

Wanafunzi wangu, siwaombi mjenge sanamu. Nawaomba, kila mnapofungua diwani, muulize mswada uko wapi, nani aliunakili, na aliogopa nini. Mkigundua kosa, lisemeni mapema, kabla halijachongwa katika jiwe. Na likiwa limekwisha kuchongwa, lisemeni vilevile.