Karabai ya Baba
(Hotuba kwa wahitimu wa chuo cha Biblia, Bangwe, Kigoma)



Mimi ni mtoto wa hapa Bangwe. Hapa nilipo naweza kuwaonyesha kwa kidole mahali baba alipokuwa akifunga mtumbwi wake, ingawa ziwa lilivyopanda miaka hii ya karibuni limepameza. Mmeniomba niseme juu ya rehema ya Mungu na wito wa kumfuata Kristo. Wakufunzi wenu wamewafundisha hayo darasani, na wamewafundisha vizuri. Mimi nitawaambia nilivyoyaona pale chini, mchangani.

Nilikuwa sijatimiza miaka 12. Zilikuwa siku za giza, mwezi haupo, na kila mvuvi wa dagaa alikuwa majini. Baba alikuwa na mtumbwi mmoja, wavu mmoja na karabai mbili. Asiyelijua ziwa hili atadhani mali ya mvuvi ni wavu. Dagaa hufuata mwanga. Bila taa unaweza kukesha katikati ya maji na wavu mpya kabisa, ukarudi nyumbani na baridi tu. Usiku mmoja karabai zetu ziliibwa zote mbili, zimeshafutwa vioo na kujazwa mafuta. Majuma matatu tulikula ugali wa muhogo na mboga ya kuokoteza iliyoungwa mawese, na baba, mwenye mtumbwi wake, akawa kibarua katika mtumbwi wa mwenzake.

Alfajiri moja nikasikia kelele za mwizi. Kijana wa mtaa wa jirani alikuwa amekutwa akitafuta mnunuzi wa karabai moja. Ya pili ilikwisha kuuzwa. Watu walikuwa wamemzunguka, huyu ana kafi, yule ana jiwe. Na mimi niliokota jiwe. Nasema haya mbele yenu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: lilikuwa jiwe jeupe, la kujaa kiganja, na nilikuwa natafuta upenyo katikati ya miguu ya watu wazima.

Mtumbwi aliokuwamo baba ukagota mchangani. Akashuka, akapenya lile kundi, akavua koti lake akamfunika yule kijana kichwa na mabega, kisha akamkumbatia akasimama naye hivyo hivyo. Mtu mmoja akamwambia kwa ukali, "Mzee, huyu ndiye aliyekuibia!" Baba akajibu, "Najua. Ndiyo maana nimekuja mimi."

Mwenye mali alipokataa kupiga, wengine hawakuwa na pa kuanzia. Wakatawanyika mmoja mmoja.

Jioni baba alimketisha uani kwetu. Hakumwambia kwamba wizi si kitu. Alimwambia, "Karabai moja imerudi, moja imekwenda. Hiyo iliyokwenda utailipa kwa kazi, na kazi yako itakuwa hii iliyorudi." Yaani kuipiga pampu, kuitunza isizimike kwa upepo, kuiinika juu ya maji mpaka dagaa wakusanyike. Wanangu, kazi hiyo nilikuwa nimeahidiwa mimi! Nilikuwa nahesabu miezi nitimize miaka 12 ili nikabidhiwe. Ikapewa mwizi. Mwaka mzima sikumsalimia. Niliposoma Injili ya Luka baadaye, nikafika kwa yule kaka mkubwa aliyebaki nje akisikia ngoma ya karamu, sikuhitaji mwalimu wa kunifafanulia.

Sitaipamba hadithi hii. Yule kijana hakuwa mchungaji. Ni mvuvi mpaka leo, sasa ni mzee, na sijasikia tena mtu akilalamika kwamba amemwibia. Mchungaji nilikuwa mimi, na mimi ndiye niliyechelewa kuelewa alichofanya baba. Nilikwisha kuvaa kola, nilikwisha kubatiza watu, bado moyoni nilikuwa na lile jiwe.

Bwana wetu naye alianzia mwaloni. Wavuvi mlio hapa mnaujua uso wa mtu aliyekesha bila kupata kitu, anaosha nyavu huku hataki kuulizwa neno. Petro alikuwa hivyo. Halafu nyavu zikajaa mpaka zikataka kukatika, na badala ya kushangilia akaanguka akimsihi Yesu aondoke kwake, kwa kuwa yeye ni mwenye dhambi. Aliuogopa wema kuliko alivyoiogopa njaa. Mtazameni Yesu. Hakubishana naye kwamba si mwenye dhambi. Hakumpa miezi sita ya kujirekebisha ndipo arudi. Alimtoa hofu akampa kazi, pale pale, mikono ingali inanuka samaki. Rehema na wito vilitoka katika pumzi moja, na mimi sijaona mahali katika Injili ambapo vimetenganishwa.

Kisha akaja Mathayo. Huyu alikuwa mtu wa ushuru, huko huko Kapernaumu, mji wa wavuvi. Injili haisemi alitoza nini, lakini mimi mtoto wa mwaloni siwezi kuamini kwamba hakuna kapu la samaki la kina Petro lililowahi kusimamishwa mbele ya meza yake. Mnajua ninachosema. Sasa Bwana anamwita huyo huyo, anakwenda kula nyumbani kwake, na kesho yake Petro na Mathayo wako njia moja, wanalala sehemu moja, wanamega mkate mmoja. Tumehubiri sana jinsi Mathayo alivyoiacha meza yake. Ni lini tumehubiri jinsi Petro alivyolazimika kusogea kwenye mkeka ili mtoza ushuru apate pa kukaa? Walipolalamika wakubwa wa dini, Yesu aliwatuma wakajifunze maneno ya nabii Hosea, kwamba Mungu anataka rehema kuliko sadaka. Nadhani wanafunzi wake waliokuwa wamesimama kando walitumwa pia.

Hapa jirani tu, Ujiji, kuna jambo ambalo watalii hawaambiwi. Wote wanaujua mwembe na ile salamu ya Stanley kwa Livingstone mwaka 1871. Siku chache kabla ya salamu hiyo, Oktoba, David Livingstone aliingia Ujiji akitokea Manyema, mgonjwa, amedhoofu, amevunjika moyo kwa mauaji aliyoyaona sokoni Nyangwe mwezi Julai. Alitegemea kukuta vitambaa na shanga alizotumiwa kutoka pwani. Akakuta mtu aliyekabidhiwa mzigo ule, Sherif, ameuza wote. Livingstone aliandika kwamba alijiona kama mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi, na hakuwa na tumaini la kuhani wala Mlawi wala Msamaria kupita upande wowote. Sherif alipokuja kumpa mkono, alikataa kuupokea. Mimi simlaumu. Mwenye kuokota jiwe hamlaumu mwenye kuficha mkono.

Kisha mtu akaja. Aliitwa Syed bin Majid, Mwarabu, Mwislamu, mfanyabiashara. Alisubiri mpaka wawe peke yao wawili, akamwambia kwamba bidhaa hana ila pembe za ndovu anazo, amruhusu auze baadhi na kumpa yeye kitakachopatikana. Livingstone alishukuru, akamwomba asubiri kidogo, kwa kuwa alikuwa na akiba ndogo mahali pengine. Na miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1869, alipokuwa taabani kwa ugonjwa wa mapafu, hakuweza hata kutembea, aliyemuuguza na kuhakikisha anabebwa mpaka Ujiji alikuwa Mohamad Bogharib, mfanyabiashara mwingine wa misafara. Sisemi kwamba biashara ile ilikuwa njema. Njia ya kutoka hapa hadi Bagamoyo ilipitishwa watu wakiwa na minyororo shingoni, na Livingstone aliipinga mpaka mwisho wa maisha yake. Nasema kwamba mmisionari mkubwa kuliko wote walioijua pwani hii alikaa chini hapa Ujiji, akatafuta Msamaria kwa macho, na Msamaria alipokuja hakuwa wa dini yake.

Kwa hiyo mtakapofika vijijini, msiende kama watu waliobeba rehema yote ya Mungu ndani ya begi moja. Jirani yako atakuwa Mwislamu, na kuna usiku mtoto wako atapandwa na homa, na mwenye boti ya injini atakuwa ni yeye. Mpokee. Mfuasi asiyejua kupokea rehema atakuwa mkali sana katika kuigawa.

Sasa niruhusuni niseme juu ya mtu ambaye hakuwa wa dhehebu letu, ila nampenda mno: Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, mbali kabisa na hapa, mnamo 1866. Akiwa mtoto alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa la Sahara, akauzwa na kuuzwa tena mpaka Algeria, ambako mapadri Wamisionari wa Afrika walimkomboa kwa fedha. Wakamsomesha, wakampeleka Malta akajifunza udaktari. Mtu wa namna hiyo, huru, mwenye elimu, angeweza kutafuta popote pa kukaa. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa hapa kwenye ufuko huu huu wa Tanganyika, akiwa daktari na katekista. Akakaa. Aliwaona Wajerumani wakitawala na kuondoka, akawaona Waingereza wakishika nafasi yao, yeye bado yuko Karema anatibu watu na kuwafundisha sala. Alifariki huko huko mwaka 1956. Hesabuni wenyewe, ni miaka 67. Hospitali moja kule Sumbawanga inaitwa kwa jina lake.

Huwa namfikiria asubuhi zake. Mtu anayekumbuka kwamba kuna siku alikuwa na bei. Analetewa mgonjwa machelani, labda mtu mkorofi, labda mtu ambaye zamani naye aliuza wenzake, kwa kuwa pwani hii ilijaa watu wa namna hiyo, na anainama kumfungua kidonda. Ndugu zangu, hapo ndipo mimi naelewa neno uanafunzi. Aliyekombolewa anainama. Haulizi kwanza kama aliyelala mbele yake alistahili kukombolewa, maana yeye mwenyewe hakuulizwa.

Vyeti mtakavyopokea sasa hivi ni halali yenu. Mmesoma, mmefanya mitihani, wengine mmesoma huku mama anauza dagaa jua kali ili ada itimie. Vifurahieni. Ninachoogopa ni ile siku utakapokiweka cheti chako kwenye fremu, ukakitazama kila asubuhi, ukaanza kuamini kwamba Mungu alikuita kwa sababu ya alama zako.

Mmoja wenu anakwenda Kagunga, kule ambako Mei 2015 maelfu ya Warundi walilala ufukweni huku meli ya MV Liemba ikiwachukua kwa mamia kuwaleta hapa mjini. Mwingine anakwenda Mwamgongo, wengine Sunuka, Buhingu, Kalya. Huko mtazikuta siku ngumu. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa letu ulifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Ilikuwa hatua ya lazima, nami niliiunga mkono hadharani, lakini mnakumbuka mialo ilivyonyamaza, wenye chanja wamekaa kivulini hawana cha kuanika. Ziwa lilipumzika, matumbo hayakupumzika. Siku kama hizo ndipo mtu mwema kabisa huanza kuitazama mali ya jirani. Siku hizi si karabai tena, ni taa za betri na za sola, lakini mwizi ni yule yule na mwenye mali ni yule yule.

Jumapili moja ataingia kanisani kwako. Kila mtu atakuwa anajua alichofanya. Mzee wa kanisa aliyeibiwa atakuwa amekaa kiti cha mbele, na yeye ndiye mtoaji wako mkubwa wa sadaka. Wote watageuka wakutazame wewe, waone utamketisha wapi. Hilo halikuwa kwenye mtihani wenu. Ukipata nafasi, usianzie mimbarani. Shuka, kakae naye. Na mchana nenda kwa yule mzee, umsikilize hasira yake mpaka iishe, kwa sababu naye ameumizwa, na rehema inayomruka aliyeibiwa ni dhuluma ya pili.

Leo asubuhi, nikija huku, nilimpitia yule ndugu yangu mwaloni. Sasa tunasalimiana, tunasalimiana kwa mikono miwili. Alikuwa anashona wavu. Akaniuliza, "Utawaambia nini hao vijana?" Nikamwambia nitawaambia habari za karabai, kama ataniruhusu. Akaendelea kushona kimya kwa muda mrefu, nikadhani nimemuudhi.

Kisha akasema, "Waambie. Ila usisahau koti. Watu wakisimulia huwa wanasema baba yako alinifunika, basi. Waambie lile koti lilikuwa limelowa, na yeye alikuwa anatetemeka."